Weupe uliopotea kwenye mawimbi: uchambuzi wa kisa kimoja cha kuchora pwani kwa rangi za maji

Usuli

Mchoraji wa kisa hiki alikuwa amefanya kazi kwa rangi za akriliki kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia rangi za maji. Jina lake, la aliyemwagiza kazi na la ufukwe wenyewe yameondolewa. Mambo ya ufundi yameachwa kama yalivyotokea.

Agizo lilikuwa rahisi kulieleza: picha moja ya pwani, upana sentimita 56 na urefu 38, yenye ghuba ndogo, rasi ya mawe upande wa kulia, wimbi linalovunjika, na mchanga uliolowa mbele. Ingetundikwa katika chumba chenye dirisha kubwa. Aliyeagiza alisisitiza jambo moja tu: bahari ing'ae.

Hapo pa kung'aa ndipo palipozua shida. Anayechora kwa akriliki huanza na toni (viwango vya weusi na weupe) nzito na za kati, kisha povu, vimeto vya jua na mawingu hupakwa mwishoni kwa rangi nyeupe iliyo nzito. Akikosea, husubiri ikauke na kupaka juu yake. Kwenye rangi za maji mambo huenda kinyume. Rangi ni nyembamba, mwanga hupenya, hugonga karatasi na kurudi machoni, kwa hiyo nyeupe iliyo angavu kuliko zote ni karatasi yenyewe. Haipakwi, huachwa. Mchoraji huyu alilijua hilo na aliweza kulieleza vizuri kabisa. Lakini mkono wake ulikuwa na mazoea ya miaka, na mkono ndio ulioongoza siku ya kwanza.

Asubuhi ya kwanza ufukweni

Alifika saa mbili asubuhi akiwa na karatasi ya massa ya mbao ya gramu 200 kwa mita ya mraba, akaibana kwa vibanio vinne juu ya ubao bila kuilowesha na kuitandaza kwanza. Jua lilikuwa chini, upande wa kushoto. Mawe ya mbele yalikuwa wazi, meusi kwa maji, na mkondo mwembamba wa maji ulipita katikati yake. Aliyapenda mawe hayo, na mpangilio wote wa picha akaujenga juu yake.

Maji yalikuwa yameanza kujaa saa mbili kabla. Tangu kupwa hadi kujaa huchukua takriban saa 6 na dakika 12, lakini maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Kanuni ya mabaharia hugawa kimo chote cha kujaa katika sehemu 12: saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Yaani mchoraji aliketi mwanzoni mwa saa ya tatu, na nusu ya maji yote ya kujaa ilikuwa inakuja ndani ya saa mbili zilizofuata. Isitoshe, lilikuwa bamvua, siku ambazo tofauti ya kupwa na kujaa ni kubwa. Ilipofika saa nne mawe aliyoyajengea picha yalikuwa chini ya maji, na jua, ambalo husogea nyuzi 15 kila saa, lilikuwa limevifuta vivuli vilivyoipa rasi umbo lake.

Alianza na anga. Karatasi ilipolowa ilijikunja na kufanya mabonde, na maji yakatuama humo. Alipoona anga imepauka, aliongeza buluu kwa brashi iliyojaa maji wakati karatasi inakaribia kukauka. Maji mapya yalizisukuma chembe za rangi zilizokuwa zimeanza kutulia, zikajikusanya pembeni na kuacha madoa yenye kingo za kuchanua kama koliflawa. Yalitokea matatu, moja likiwa juu ya rasi kabisa.

Bahari aliipaka kwa thalo, buluu kali sana, toka upeo wa macho hadi ufukweni, tabaka moja, kwa nia ya kuliweka povu baadaye. Baadaye ilipofika, alijaribu kuifuta rangi kwa brashi yenye maji safi na kuinyonya kwa kitambaa. Thalo haifutiki hivyo. Chembe zake ni ndogo mno na hujishika kwenye nyuzi za karatasi, kwa hiyo kilichopatikana ni buluu hafifu iliyochafuka mahali ambapo wimbi lilipaswa kuwa jeupe kabisa. Akachukua rangi nyeupe nzito akaipaka juu. Ilipolowa ilionekana safi. Ilipokauka ilififia na kuwa kijivu chenye ubaridi, kwa sababu ilikuwa imeyeyusha kidogo buluu ya chini na kuchanganyika nayo.

Kosa la mwisho la siku hiyo hakulibaini mpaka alipoiingiza picha ndani. Alichora karatasi ikiwa juani. Mwanga mkali juu ya karatasi huzifanya rangi zionekane nyepesi kuliko zilivyo, basi mtu huendelea kukoleza. Chini ya mwanga wa chumbani picha ilikuwa nzito na yenye giza, bahari ikiwa ukanda mmoja wa buluu usio na kina.

Uamuzi wa kuianza kazi upya

Njia zilikuwa mbili. Angeweza kuiokoa picha ile kwa kukwangua, na hilo si jambo la aibu: Winslow Homer (1836–1910), mmoja wa wachoraji wakubwa wa bahari kwa rangi za maji, alikwangua karatasi kwa kisu kupata povu na vimeto, na kabla yake J. M. W. Turner (1775–1851) alikwangua pia. Lakini kukwangua kunahitaji karatasi nene na imara, na hutoa nyeupe ndogo, kali, za michirizi. Wimbi zima halikwanguliki. Karatasi ile ya massa ya mbao ingechanika kabla povu halijapatikana.

Akaamua kuanza upya, na hapa ndipo kisa kinaponivutia zaidi. Hakurudi ufukweni na karatasi kubwa. Alirudi na daftari dogo na penseli.

Alichora michoro midogo ya ukubwa wa kadi ya posta, kila mmoja ukiwa na toni tatu tu: nyeupe ya karatasi, kijivu cha kati, na nyeusi. Pembeni aliandika saa, upande wa jua na hali ya maji. Kisha akaorodhesha sehemu ambazo zingebaki karatasi tupu. Orodha ya kwanza ilikuwa ndefu: mawingu, povu la mbele, povu la mawe, vimeto vya mbali, mchanga mkavu, ukingo wa maji. Aliipunguza hadi tatu. Ukingo wa juu wa wingu moja, povu la wimbi linalovunjika, na ukanda wa vimeto upande wa kushoto. Vingine vyote vingepata walau tabaka moja jepesi.

Sababu yake ilikuwa hii, na naiona ni sahihi: jicho huona nyeupe kuwa angavu kwa kuilinganisha na kinachoizunguka. Sehemu sita nyeupe zinapogombania jicho, hakuna hata moja inayong'aa. Povu lililo kivulini si jeupe hata kidogo. Ni kijivu cha buluu, wakati mwingine zito kuliko mchanga mkavu ulio juani. Mchoraji anayepaka kila povu jeupe anachora anachokijua, siyo anachokiona.

Picha ya pili, hatua kwa hatua

Karatasi sasa ilikuwa ya pamba, gramu 300, yenye uso wa mikwaruzo ya wastani. Aliilowesha yote, akaitandaza kwenye ubao na kuizungushia utepe wa karatasi wenye gundi, akaiacha ikauke. Ilikaza, na ilipolowa tena haikufanya mabonde. Alifanya kazi ndani, karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja.

Rangi alizichagua kwa tabia zake kabla ya sura zake. Ultramarini na serulia, buluu mbili tofauti, huweka chembe kubwa zinazotulia kwenye vishimo vya karatasi, na hufutika kiasi. Thalo aliibakisha kwa matone machache tu, kwa ajili ya kijani cha ndani ya wimbi. Mawe yangetoka kwa ultramarini na siena iliyochomwa (kahawia ya udongo yenye wekundu), ambazo zikichanganywa hutoa kila aina ya kijivu hadi karibu nyeusi, na hutengana zenyewe zinapokauka zikaacha sura ya jiwe. Nyekundu ya alizarini ya zamani aliiacha kwa sababu hufifia kwenye mwanga, na picha hii ilikuwa inakwenda penye dirisha. Mahali pake aliweka waridi la kwinakridoni.

Anga aliilowesha mara mbili ili maji yaingie ndani ya karatasi. Aliipaka kwa kasi, ultramarini juu, serulia chini, na karibu na upeo dokezo la rangi ya udongo wa njano. Aliikoleza zaidi ya alivyoitaka, kwa kuwa rangi za maji hupauka zikikauka. Kisha aliweka brashi chini.

Kuweka brashi chini kulikuwa uamuzi pia, na kulikuwa na namna ya kuupima. Karatasi inapong'aa kama kioo rangi hutembea yenyewe. Mng'ao ukififia kingo huwa laini, na hapo ndipo wakati wa kivuli cha wingu. Mng'ao ukiisha lakini karatasi bado ni baridi ukiigusa kwa mgongo wa mkono, ni wakati wa hatari: tone lolote la ziada litaleta madoa yale ya siku ya kwanza. Ikikauka na baridi kuisha, unaweza kuendelea kwa usalama. Mchoraji aliujifunza mfuatano huo kwenye vipande vya karatasi kabla hajaigusa picha.

Rasi ya mbali ilipakwa kwa kijivu cha zambarau, tabaka moja, bila mawe wala nyufa. Halafu bahari.

Ubao aliugeuza juu chini na kuuinamisha kidogo. Akaanza na maji ya ghubani yaliyo nyepesi, akashuka kuelekea upeo wa macho akiongeza ultramarini na serulia, na uzito wa rangi ukateremka wenyewe mpaka kwenye mstari wa upeo. Ubao uliporudishwa, bahari ilikuwa nzito zaidi mbali, yenye ukingo safi dhidi ya anga, na ikapungua uzito ikija karibu. Ukanda wa vimeto aliupata kwa ubavu wa brashi isiyo na maji mengi, akiuburuta haraka sambamba na upeo. Rangi ilishika vilele vya karatasi na kuviacha vishimo vyeupe. Mara moja tu. Akirudia, vishimo vingejaa.

Kwa povu la wimbi alitumia gundi ya mpira ya kuzuia rangi. Aliichora kwa brashi kuukuu iliyochovywa kwenye sabuni, akapaka mwili wa wimbi juu yake: ultramarini na tone la thalo chini, kijani chepesi juu ambako maji ni membamba na mwanga hupenya. Kisha akauweka ubao nje juani ukauke upesi. Gundi ilipashwa joto, ikang'ang'ania, na alipoivuta ilitoka na ngozi ya karatasi upande wa kushoto wa wimbi, jeraha la ukubwa wa ukucha. Rangi ikipakwa mahali palipochunika hudidimia na kuwa nzito. Aliamua kuweka jiwe hapo, ambalo halikuwamo katika mchoro wowote wa daftari.

Mchanga wa mbele ulikuja mwisho, na aliushughulikia sana. Alipaka, akafuta, akapaka tena.

Matokeo

Picha ilipokelewa na kutundikwa. Aliyeagiza aliridhika na bahari. Alisema inamfanya akodoe macho, na kwa picha ya rangi za maji sijui sifa kubwa kuliko hiyo. Wimbi linasimama. Anga ni safi. Jiwe la kuficha jeraha linakubalika kwa asiyejua, ingawa linaubeba uzito wa picha kushoto wakati rasi iko kulia, na jicho halijui liende wapi kwanza. Mchanga wa mbele ni mchovu: tabaka nne zimeziba mwanga wa karatasi, na rangi imekuwa ya tope.

Uchambuzi

Kilichofaulu kuliko vyote ni orodha ya nyeupe tatu. Watu wengi wangesema kilichobadilisha matokeo ni karatasi bora, na kweli karatasi ya pamba iliyotandazwa ilimwondolea mabonde na madoa. Lakini mchoraji yule yule, kwa karatasi hiyo hiyo, angeipaka bahari yote buluu kisha akatafuta povu, angekwama pale pale. Tofauti ni kwamba uamuzi ambao akriliki humruhusu mtu kuuahirisha mpaka mwisho aliuleta mwanzoni kabisa, akauandika, akauheshimu. Toni tatu za penseli zilimlazimisha kuamua. Daftari halina nafasi ya "nitaona baadaye".

La pili ni jinsi alivyoielewa bahari yenyewe. Ukisimama ufukweni na kutazama maji ya miguuni, karibu mwanga wote unaoyagonga huingia ndani. Ni takriban asilimia 2 tu inayorudishwa na uso wake, ndiyo maana unaona mchanga wa chini. Kadiri unavyotazama mbali, jicho hukutana na uso wa maji kwa pembe nyembamba zaidi na maji huakisi anga zaidi na zaidi. Mtu angetegemea basi kwamba bahari ya mbali iwe na rangi ile ile ya anga iliyo juu yake. Haiwi, kwa sababu ya mawimbi. Tunaona nyuso za mawimbi zilizoinama kuelekea kwetu, na nyuso hizo haziakisi anga nyepesi ya upeoni bali anga ya juu zaidi, iliyo nzito. Ndiyo sababu siku yenye upepo na anga safi mstari wa upeo huonekana mkali, bahari ikiwa nzito kuliko anga inayogusana nayo. Picha ya kwanza haikuwa na lolote kati ya haya, ya pili inayo yote, na mtazamaji huhisi umbali hata kama hajui kwa nini. Kuugeuza ubao juu chini kulikuwa mbinu tu, na mbinu hiyo isingemsaidia asiyejua uzito unapaswa kuwa wapi.

Kuhusu gundi, mimi na mchoraji tunatofautiana. Yeye bado anaamini kosa lilikuwa jua, kwamba ingekauka kivulini isingechuna. Hilo ni kweli. Ila hata palipotoka vizuri, gundi iliacha ukingo mmoja mkali kuzunguka povu lote, na povu halina ukingo wa namna hiyo. Juu, linapokutana na kivuli cha wimbi, ni kali. Chini, linapomwagika juu ya maji, huyeyuka. Ilimbidi alainishe ukingo wa chini kwa brashi yenye unyevu, kazi ambayo isingekuwapo kama angelizunguka povu kwa brashi tangu mwanzo. Kwa umbo kubwa kama hilo mkono unatosha. Gundi ningeiacha kwa vitu vyembamba vilivyotawanyika: kamba ya chombo, matone yanayoruka kutoka kwenye mwamba.

Mchanga ulishindwa kwa sababu ambayo haihusiani na mchanga. Hakuupangia. Daftari lake lilikuwa na michoro ya wimbi, ya rasi, ya upeo. Sehemu ya mbele ilikuwa mistari miwili na neno "mchanga". Mchanga uliolowa ni mzito kuliko mkavu, kwa kuwa utando wa maji hupunguza mwanga unaotawanywa na chembe zake, na papo hapo utando huo huakisi anga. Kwa hiyo una mambo mawili ndani yake: rangi ya udongo chini, na rangi ya anga juu yake, ikishuka wima na kulainika. Unaweza kupatikana kwa tabaka mbili. Ya kwanza ya udongo wa njano na siena, iachwe ikauke kabisa. Ya pili ya rangi ile ile ya anga, ipitishwe mara moja bila kusugua. Na chini ya ukingo wa povu linalotambaa, mstari mwembamba wa kivuli, kwa sababu povu lina unene na jua lilitoka pembeni. Yeye alitaka kuyapata yote hayo katika tabaka moja, na kila aliporekebisha aliyeyusha ya chini.

Inafaa kutaja pia kwamba kutochora kubwa ufukweni hakukuwa kuukwepa ufukwe. Alitumia muda mwingi zaidi pwani kwa ajili ya picha ya pili kuliko ya kwanza. Aliangalia jedwali la maji kupwa na kujaa, akachagua siku za maji mafu, ambapo tofauti ya kupwa na kujaa ni ndogo, na akafika karibu na kupwa, wakati ambapo kwa saa nzima mawe hubaki karibu yalivyo. Kwa anayetaka kuimaliza picha papo hapo nje, hiyo ndiyo saa ya kuitumia, ubao ukiwa kivulini hata kama mandhari yako juani. Mchoraji ameanza kufanya hivyo sasa, kwenye karatasi ndogo, na mchanga ndio anaoanza nao.